Ndoana Isiyo na Chakula

Masomo: Luka 5, 1–11 na Mathayo 17, 24–27



Kwa desturi ya kanisa letu tangu zamani, Jumapili ya tano baada ya Utatu husomwa habari ya Petro na wenzake, waliofanya kazi usiku kucha wasipate kitu, kisha wakashusha nyavu kwa neno la Bwana, nazo zikajaa hata karibu kukatika. Katika nchi yetu ya Njombe na Makambako Jumapili hiyo huja wakati wa baridi. Mvua zimekwisha, mito imepungua, na maji yaliyokuwa mekundu kwa udongo yametakata hata mtu aweza kuhesabu mawe chini yake. Huo ndio wakati mwema kwa wavuvi wa huku juu. Nami mwaka huu nimelisoma somo lile kwa namna nyingine, kwa sababu ya siku moja niliyokwenda kuvua pamoja na rafiki zangu wawili. Nawaeleza habari zake, si kwa kuwa tulipata samaki wengi, bali kwa kuwa siku ile nilionyeshwa dhambi yangu.

Samaki tuliomfuata huitwa trauti. Yeye si wa asili ya nchi hii. Yuko trauti wa mito ya baridi ya Ulaya, na yuko jamaa yake, mwenye mstari mwekundu ubavuni, aliyetoka katika mito ya Amerika ya Kaskazini iingiayo Bahari ya Pasifiki. Waingereza walipofika Afrika ya Mashariki waliona kwamba mito ya milimani ni baridi kama ile ya kwao, lakini samaki wao hawamo. Basi mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, nao wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare huko Kenya. Baadaye, katika siku za utawala wa Waingereza, samaki hao walitiwa pia katika mito ya Tanganyika, na Nyanda za Juu za Kusini hazikusahauliwa. Trauti hawezi kuishi katika maji ya moto wala ya tope. Hutaka maji baridi, maangavu, yapitayo mbio juu ya mawe, na mayai yake huyafukia katika changarawe. Kwa hiyo hukaa huku kwetu, ambako mwezi wa Juni na wa Julai sakitu hulala juu ya majani asubuhi, wala hashuki pamoja na maji ya Ruhuji mpaka mabonde ya joto ya Kilombero na Rufiji.

Tulikuwa watatu. Mmoja ni mwalimu wa shule aliyestaafu, ambaye alijifunza uvuvi huu ujanani mwake. Wa pili ni mwinjilisti mzee aliyetumikia mitaa mingi. Wa tatu ni mimi. Tuliondoka Makambako kabla ya mapambazuko, upepo ule mnaoujua ukitupiga usoni, tukaishika njia ya Njombe kama kilometa 60, kisha tukaiacha njia kuu, tukaelekea upande wa milima ya Kipengere. Njiani tulikutana na akina mama waendao shambani na majembe yao. Tukawaamkia, "Kamwene," nao wakaitika, kisha wakatucheka kidogo, maana wazee watatu wenye fito ndefu mikononi, tena bila kapu la maana, hawakuonekana kuwa watu wa kuleta kitoweo nyumbani.

Tulipofika mtoni, mwalimu alifungua kikopo chake kidogo cha bati. Mimi nilidhani nitaona nyungunyungu ndani yake, kama wale ambao watoto wetu huwachimba penye majimaji na kuwatia katika ndoana zao. Kumbe hamkuwamo chambo cha kuliwa hata kimoja. Mlikuwamo ndoana ndogo sana, na juu ya kila ndoana umefungwa uzi wa hariri na unyoya wa shingo ya jogoo, kwa ustadi mwingi, hata kitu chote kikafanana na mdudu yule mwenye mabawa maangavu anayetoka majini, akaruka siku moja au mbili, kisha akafa. Trauti hukaa nyuma ya jiwe, kichwa chake kikielekea maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Akiuona unyoya ule unapita juu ya maji, hudhani ni mdudu, hupanda na kuukamata.

Mwinjilisti mzee alikitia kidude kile kiganjani, akakigeuza geuza, akasema, "Mwalimu, hapa pana ndoana, lakini chakula hakipo."

Mwalimu akajibu, "Ndiyo, Mzee. Huyu anavuliwa kwa kudanganywa."

Neno lile liliniingia moyoni, nalo halikutoka siku ile yote. Bwana alimwambia Petro kwamba tangu siku ile atakuwa akivua watu. Basi nilijiuliza: Sisi tunawavua watu kwa namna gani? Wapendwa, nataka tujifunze mambo matatu niliyoyaona katika uvuvi ule. Simlaumu mvuvi. Mungu amempa mwanadamu samaki wawe chakula chake, wala si dhambi kumdanganya samaki. Lakini mwanadamu si samaki, na jambo lililo halali mtoni laweza kuwa dhambi kubwa katika kanisa.

Kwanza, tuangalie chambo.

Siku hizi wako wahubiri wengi wanaowaambia watu kwamba wakitoa fedha watapata fedha nyingi zaidi, wakinunua mafuta haya au maji yale watapona magonjwa yao na adui zao wataanguka. Watu hupanda juu upesi kwa neno hilo, kama trauti anavyopanda, maana wana njaa kweli. Mkulima ambaye viazi vyake vimeharibika, mama asiyepata mtoto, kijana asiye na kazi, hawa wote wana njaa. Wanakamata, kumbe ni unyoya na uzi. Ndoana ni ya kweli, chakula si cha kweli.

Lakini tusifanye haraka kuwanyoshea wengine kidole. Nami nataka kuungama mbele yenu. Yapata miaka 30 iliyopita nilipewa kazi ya mwinjilisti katika mtaa mmoja mdogo, nikiwa kijana mwenye bidii na mwenye kupenda sifa. Katika kijiji kile alikuwako mama mjane ambaye hakuwa amebatizwa, na mtoto wake wa pekee alikuwa mgonjwa. Nilimwendea mara nyingi, nikamwambia habari za Yesu, naye alisikiliza lakini hakuamua neno. Siku moja, nikiona kwamba hesabu ya wabatizwa wangu wa mwaka ule ni ndogo, nilimwambia, "Mama, ukibatizwa, mtoto wako atapona." Bwana hakunipa neno lile. Nililitoa katika moyo wangu mwenyewe, nikalifunga vizuri kwa uzi na unyoya.

Naye akakubali siku ile ile.

Mtume Paulo anawakumbusha Wathesalonike, katika waraka wa kwanza, mlango wa pili, kwamba hakuwajia kwa hila wala kwa maneno ya kubembeleza, wala hakuificha tamaa chini ya vazi la dini. Bali alikuwa tayari kuwapa Injili pamoja na nafsi yake. Tazameni tofauti. Mvuvi wa trauti haweki kitu cha kuliwa, wala hatoi kitu chake. Mjumbe wa Kristo huleta mkate wenyewe, naye hujitoa pamoja nao.

Pili, tuangalie haraka.

Mwalimu alinifundisha jinsi ya kurusha mshipi, na baada ya kunasa majani ya nyuma yangu mara nyingi, nikafaulu kidogo. Trauti mmoja akapanda, nikamwona kinywa chake, lakini nilipovuta hapakuwa na kitu. Mwalimu akasema, "Umechelewa. Akiisha kuonja kwamba si chakula, huitema mara. Huna budi kuvuta kabla hajajua."

Ndugu waalimu, lishikeni neno hili: mwenye chambo cha uongo hana budi kuwa na haraka. Akimpa mtu nafasi ya kuonja, mtu atajua, atatema. Kwa hiyo wadanganyifu wote husema, "Leo hii, sasa hivi, usiende kuuliza nyumbani, usifikiri." Lakini mwenye kweli aweza kungoja. Mkate hauogopi kuonjwa.

Ndiyo sababu kanisa letu halikubali kuwabatiza watu wazima kabla ya kuwafundisha. Wengine hunung'unika kwamba mafundisho yetu ni marefu, kwamba makanisa mengine hupokea watu kwa siku moja. Lakini Martin Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, alikuwa amewatembelea Wakristo wa vijijini, akahuzunika kwa kuwaona wengi wamebatizwa na hawajui wanaamini nini. Kwa hiyo aliyaweka maneno ya imani katika kitabu kidogo, ili baba aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake, wakaulize maana yake neno kwa neno. Wamisionari wa Berlin waliofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, ambao kazi yao ilipanda baadaye mpaka nchi ya Wabena, hata pale Kidugala na Ilembula, walileta desturi hiyo hiyo. Mwalimu anapokaa na wanafunzi wake mwezi hata mwezi, anawaambia kwa matendo yake: Onjeni, ulizeni, fikirini, hapa hakuna kitu tunachokificha.

Mimi sikufanya hivyo. Nilimwomba mchungaji amhurumie yule mama, ampunguzie mafundisho kwa sababu ya taabu yake. Mchungaji aliniamini. Kumbe niliogopa kwamba mtoto atazidiwa kabla ya siku ya ubatizo, na mama ataitema ndoana. Akabatizwa, nami nilimshika mkono kumsogeza mbele, jina lake likaandikwa kitabuni, hesabu yangu ikaongezeka. Majuma matatu baadaye mtoto akafa.

Tatu, tuangalie kujificha.

Mvuvi wa trauti hasimami mahali panapoonekana. Huja kutoka upande wa chini, nyuma ya samaki. Hukanyaga polepole, maana samaki husikia kishindo cha miguu ardhini. Huangalia kivuli chake kisianguke juu ya maji. Akionekana, kazi imekwisha. Siku ile nilimwona mwinjilisti mzee, mwenye miaka zaidi ya 70, amepiga magoti nyuma ya jiwe kama mtoto anayecheza mchezo wa kujificha, nikacheka. Kisha kicheko kikaniisha, kwa maana nilikumbuka.

Mtoto yule alipokufa, nilipata habari jioni ile ile. Maziko yalikuwa kesho yake. Nami nilichukua baiskeli yangu alfajiri, nikaenda mtaa mwingine, nikasema nina kazi huko. Mzee wa kanisa aliongoza maziko. Mama yule hakuja tena ibadani, nami sikumwendea. Baada ya mwaka mmoja nilihamishwa, nikafurahi.

Saa saba tuliwasha moto kando ya mto. Mwalimu alikuwa amepata trauti wawili, mwinjilisti mmoja, mimi sikupata. Tukawachoma kwa chumvi, tukala pamoja na viazi tulivyochukua nyumbani, nao wakanipa sehemu sawa na yao kana kwamba nimevua. Hapo, kwa sababu ya wema wao, kinywa changu kikafunguka, nikawaeleza habari ile ambayo sikumwambia mtu kwa miaka 30. Mwinjilisti mzee hakunikemea. Aliuliza neno moja tu: "Umekwisha kwenda kwake?"

Nikajibu, "Sijakwenda, Mzee."

Akasema, "Basi ungali umejificha nyuma ya jiwe."

Wapendwa, hapo ndipo sheria ya Mungu inapotufikisha. Nabii Habakuki, katika mlango wa kwanza, analia mbele za Mungu kwa sababu ya adui anayewatoa watu kwa ndoana na kuwakusanya katika nyavu kama samaki wasio na mtawala, kisha anaitolea nyavu yake sadaka, kwa kuwa imemnenepesha. Mtumishi wa kanisa anayehesabu watu kwa ajili ya sifa yake ameingia katika ibada hiyo. Anaisujudia nyavu yake mwenyewe.

Lakini sasa msikie Injili. Katika somo la Luka, neno la Kiyunani ambalo Bwana alimwambia Petro maana yake ni kukamata akiwa hai. Samaki huvuliwa ili afe. Watu huvuliwa na Kristo ili waishi. Tena angalieni kwamba Petro hakulipata neno hili baada ya kuonyesha ustadi wake. Alilipata alipokuwa amepiga magoti kati ya samaki, akimwomba Bwana aondoke kwake kwa sababu yeye ni mtu mwenye dhambi. Bwana hakuondoka. Mvuvi wa watu wa kwanza alikuwa ametoka kuungama dhambi zake.

Na katika Agano Jipya ndoana hutajwa mara moja tu, nayo ni katika Mathayo 17. Watoza kodi ya hekalu walimwuliza Petro kama mwalimu wake hulipa. Bwana alikuwa huru, maana ni Mwana wa mwenye nyumba, lakini hakutaka kuwakwaza. Akamtuma Petro baharini atupe ndoana, amtwae samaki wa kwanza, afungue kinywa chake. Mle atakuta sarafu moja. Kodi ya mtu mmoja ilikuwa nusu ya sarafu ile. Kwa hiyo iliwatosha wawili sawasawa: ya Bwana na ya Petro. Ndoana hii haikuleta sifa kwa mvuvi, wala haikumdanganya mtu. Ililipa deni. Na Bwana alikubali deni lake lihesabiwe pamoja na la Petro, katika sarafu moja, yeye asiyekuwa na deni pamoja na yule ambaye baadaye alimkana mara tatu. Huyo ndiye Bwana tunayemtumikia. Deni langu, ndugu zangu, sikuwa na kitu cha kulilipia. Yeye amelilipa msalabani. Na kwa kuwa limelipwa, niliweza kutoka nyuma ya jiwe.

Juma lililofuata nilikwenda katika kijiji kile. Nilimkuta yule mama, sasa ni bibi mwenye mvi, ameketi mlangoni akichagua mbegu za maharage. Hakunitambua mara moja. Nilipotaja jina langu alinyamaza muda mrefu. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Mungu hakuniambia kwamba mtoto wako atapona. Nilisema kwa ajili ya sifa yangu mwenyewe, kisha nikakukimbia. Naomba unisamehe."

Akajibu, "Mwalimu, watu wengi wamefiwa na watoto. Nilijua kwamba mtoto aweza kufa. Siku ya ubatizo ulinishika mkono. Siku ya kaburi nilikutafuta kwa macho, sikukuona."

Hakusema, "Nimekusamehe." Alisimama, akaniletea kigoda, akaniambia niketi. Tukaketi, tukachagua maharage pamoja mpaka jua likashuka. Kisha alinionyesha kaburi, nami nikasali pale sala ile ambayo ilinipasa kuisali miaka 30 iliyopita. Tangu hapo nimekwenda kwake mara nne. Hajarudi kanisani. Sijamwuliza kama atarudi, wala sina ahadi yoyote ya kumpa isipokuwa ile ambayo Bwana mwenyewe ameitoa, kwamba yupo pamoja nasi, na kwamba wafu watafufuliwa. Mara ya mwisho aliniuliza mwenyewe, "Katika ufufuo, mtoto hufufuka mtoto?" Nikamwambia kwamba sijui, lakini twaweza kusoma pamoja yaliyoandikwa. Akasema, "Njoo na kitabu."

Ndugu waalimu, labda mwako nanyi mahali nyuma ya jiwe. Labda uko mtu uliyemleta kwa ahadi isiyo ya Mungu, au ulimharakisha, au ulimwacha siku ya msiba. Msingoje miaka 30. Nendeni bila chambo, onekaneni kwa uso, na kaeni naye muda wa kutosha aonje kama mliyo nayo ni kweli. Wala msiogope kwamba Neno tupu, bila unyoya, halitawavuta watu. Petro alishusha nyavu mchana, wakati usiofaa, mahali alipokwisha kushindwa, kwa kuwa Bwana alisema tu. Kazi ya kujaza nyavu haikuwa yake.

Tuombe. Bwana Yesu, utuondolee hila zote katika kuwahubiri watu wako. Uwaponye wale tuliowajeruhi kwa maneno yetu. Utupe moyo wa kurudi kwao, na uvumilivu wa kukaa nao. Utushike sisi wenyewe tukiwa hai, tusipotee. Amina.